Zambarau, Kijani na Dhahabu: Rangi za Mfalme wa Siku Moja

Mfalme aliyeiamuru New Orleans ivae rangi tatu hakuwa na jeshi wala ardhi, na enzi yake ilidumu siku moja. Mwanzoni mwa 1872 magazeti ya mji yalichapisha amri zake moja baada ya nyingine, kwa lugha nzito ya ikulu, zikiwa zimetiwa jina la Rex. Mojawapo iliwataka wenye nyumba wapambe roshani zao kwa kijani, dhahabu na zambarau. Sababu haikutajwa. Tarehe 13 Februari, Jumanne ya mwisho kabla ya Kwaresima, siku ambayo Wafaransa walioanzisha mji huu mwaka 1718 waliileta kwa jina la Mardi Gras, Rex alitokea barabarani juu ya farasi. Taji na mavazi yake yaliazimwa kwa mwigizaji Lawrence Barrett, aliyekuwa mjini akicheza Richard III. Aliyeyavaa alikuwa Lewis Salomon, mfanyabiashara Myahudi, na waliomweka pale walikuwa wafanyabiashara na waandishi wa habari wa mji.

Watu hao walikuwa na shida ya kutatua. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikwisha mwaka 1865, utajiri wa pamba uliojengwa juu ya migongo ya watumwa ulikuwa umeyumba, na askari wa serikali kuu walikuwa bado wako Louisiana. Sherehe ya barakoa mitaani ilikuwa haina mpangilio. Watu walirushiana unga na wengine walipigana. Waasisi wa Rex, jina la mfalme na la chama chao, walitaka siku yenye utaratibu, itakayoleta wageni wenye fedha kwa treni na kwa meli. Mwaka huo walipata mgeni mkubwa kuliko walivyotarajia: Alexei Romanov, mtoto wa Tsar wa Urusi, aliyekuwa akiizunguka Marekani.

Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani nilijifunza Tanga kwa shangazi yangu, na sasa nashona mavazi ya Kanivali hapa New Orleans. Krismasi ikipita, maduka ya vitambaa huanza kupanga majora ya satini ya rangi hizo tatu kuanzia mlangoni, na tangu tarehe 6 Januari, Sikukuu ya Wafalme, hadi Jumatano ya Majivu, ni nadra mkasi wangu kupita kwenye rangi nyingine. Mtu akiishi na rangi kiasi hicho lazima aulize zilitoka wapi. Nimeuliza wateja, nimesoma, nimesikiliza wazee, na ninachokiamini leo ni hiki: rangi hizi zilianza kama amri ya watu wachache, lakini zilifanywa kuwa za mji na mikono ambayo amri ile haikuihesabu kabisa.

Nianze na kitambaa, maana ndicho ninachokijua vizuri zaidi. Dhahabu ya Mardi Gras ikifika dukani ni njano iliyokolea. Ukiilaza kando ya zambarau, zinasukumana, kwa sababu njano ina mwanga mwingi kuliko rangi zote na zambarau ina giza kuliko zote. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi kwenye karakana ya mazulia ya ukutani ya Gobelins mjini Paris, alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha 1839: rangi mbili zinazopingana zikikaa ubavu kwa ubavu, kila moja huifanya mwenzake ionekane kali zaidi. Ndiyo maana vazi la njano na zambarau tupu huchosha macho upesi. Kijani huja kupatanisha. Ina undugu na njano, na ikikolea hukaribia giza la zambarau, hivyo jicho hupata pa kupitia.

Ninapokata koti la mteja, zambarau naipa mwili mzima. Kijani naiweka kwenye mikunjo, kola na bitana, mahali inapojitokeza mvaaji akigeuka. Njano naibania: utepe, matamvua, kingo za mifuko. Mteja akisisitiza rangi zigawanywe sawasawa humwonyesha vipande mezani kwanza, aone mwenyewe jinsi zinavyogombea nafasi bila hata moja kuongoza.

Usiku hesabu hiyo hubadilika. Chama cha kwanza hapa mjini kupitisha magari yaliyopambwa kwa mada moja, Mistick Krewe of Comus, kilianza mwaka 1857, na kilipita usiku chini ya mienge. Mwanga wa moto huifanya zambarau ididimie karibu na weusi na huififisha kijani. Dhahabu peke yake ndiyo inayojibu. Rex aliingia barabarani mchana, na kwa macho ya fundi hilo si jambo dogo. Rangi tatu zenye viwango tofauti hivyo vya mwanga na giza zinahitaji jua ili zote zionekane.

Je, kwa nini hizo tatu? Hapa mjini utasimuliwa kwamba zilichaguliwa kumheshimu Alexei, kwa kuwa ni rangi za ukoo wa Romanov. Ni hadithi tamu, lakini bendera ya ukoo wenyewe inaikana. Tangu 1858 rangi za kifalme za Urusi zilikuwa nyeusi, njano na nyeupe. Zambarau haimo, wala kijani haimo. Maelezo yenye mashiko zaidi yanatoka kwenye kanuni za nembo za Ulaya, ambako rangi za ngao ziko katika makundi mawili: kuna madini, yaani dhahabu na fedha, na kuna rangi kamili kama nyekundu, buluu, kijani na zambarau. Desturi hutaka rangi na madini vikae pamoja, ili alama ionekane kwa mbali. Mfalme mpya alihitaji bendera. Bendera za Marekani, Uingereza na Ufaransa zilikuwa na rangi tatu kila moja, na zote zilikuwa nyekundu, nyeupe na buluu. Zambarau ilikuwa rangi ya watawala tangu enzi za Roma. Dhahabu ilileta madini. Kijani ikakamilisha tatu bila kugongana na bendera ya mkubwa yeyote.

Nami naongeza sababu ya kifundi. Kwa karne nyingi zambarau ya kifalme ilikamuliwa kutoka kwa konokono wa baharini wa Tiro, na bei yake iliwaweka watu wa kawaida mbali nayo. Mwaka 1856, jijini London, kijana wa miaka 18 aitwaye William Perkin alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na lami ya makaa ya mawe. Alichopata ni rangi ya zambarau iliyoshika kwenye hariri. Januari 1858 Malkia Victoria alivaa rangi ya namna hiyo kwenye harusi ya binti yake, na baada ya miaka michache rangi za viwandani zilikuwa zimejaa madukani. Mfalme wa mchezo asingeweza kuuambia mji utundike zambarau kama zambarau ingekuwa bado haishikiki kwa bei. Mwaka 1872 kitambaa kilikuwepo, na mshonaji wa kukikata alikuwepo.

Kwa miaka 20 rangi hizo zilitundikwa bila maana yoyote iliyotangazwa. Maana ilikuja tarehe 1 Machi 1892, pale maandamano ya Rex yalipobeba mada ya maana za rangi. Magari ya Rex ya miaka hiyo yalichorwa na Bror Anders Wikstrom, msanii aliyezaliwa Uswidi, ambaye aliitumikia Kanivali ya mji huu kwa zaidi ya miaka 20. Tangu siku ile kila mtoto wa New Orleans hufundishwa hivi: zambarau ni haki, kijani ni imani, dhahabu ni nguvu.

Hapo kwenye haki nasimama, na naomba msomaji asimame nami.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 7 Juni 1892, katika mji huohuo, fundi viatu Homer Plessy alinunua tiketi ya daraja la kwanza ya kwenda Covington, akaketi kwenye behewa la wazungu. Sheria ya Louisiana ya 1890 ilikuwa imetenga mabehewa kwa rangi ya ngozi. Kwa sheria Plessy alihesabiwa mweusi, ingawa kwa sura angeweza kupita bila kuulizwa. Alijitambulisha kwa makusudi, kwa sababu kamati ya raia wa New Orleans, Comité des Citoyens, ilikuwa imepanga kesi ya kuipinga sheria hiyo mahakamani na ilihitaji mtu wa kukamatwa. Alikamatwa. Mwaka 1896 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimkatalia, majaji 7 kwa 1, na kwa hukumu hiyo ubaguzi ulipata kinga ya sheria nchi nzima mpaka 1954, mahakama ileile ilipougeukia katika shule.

Naziweka tarehe hizi mbili pamoja kwa sababu mji ulizipata katika mwaka mmoja, na zote mbili zinahusu haki. Waliotangaza zambarau kuwa haki walitoka katika tabaka lililonufaika na sheria ya mabehewa. Baadhi ya vyama vya Kanivali havikuwa vimeficha vilikosimama. Mwaka 1873 Comus walipita na mada ya kumkejeli Darwin, wakimwonyesha Rais Grant kama mdudu wa tumbaku na kuwadhihaki weusi waliokuwa wameanza kupiga kura na kushika ofisi. Sisemi haya ili kuzichafua rangi. Nasema kwa sababu neno lililotundikwa hadharani humfunga aliyelitundika, na watu wa mji huu walilishika neno hilo wakalidai.

Weusi walikuwepo kwenye maandamano tangu mwanzo, lakini kama wabebaji. Mienge iliyoangaza magari ya Comus ilibebwa na wanaume weusi, watumwa na huru, wakitembea maili kadhaa na moto juu ya vichwa vyao, na baada ya utumwa kazi hiyo ikaendelea kwa malipo kidogo na sarafu zilizotupwa na watazamaji. Kwa hiyo dhahabu ile niliyoitaja, inayojibu usiku, ilimulikwa na mikono yao.

Kisha wakajitengenezea Kanivali yao. Mwaka 1909 kundi la vibarua weusi, ambalo baadaye lilisajiliwa mwaka 1916 kama klabu ya Zulu, lilimtoa mfalme wake wa kwanza, William Story. Taji lake lilikuwa kopo la mafuta ya nguruwe, fimbo yake ya enzi shina la mgomba. Rangi zao rasmi ni nyeusi na dhahabu. Wenye pesa walirusha shanga za kioo. Zulu, wasiokuwa na pesa hiyo, waligawa nazi, na hadi leo nazi ya Zulu iliyopakwa rangi kwa mkono ni mojawapo ya zawadi zinazogombewa kuliko zote. Mimi niliyekulia kwenye minazi ya Tanga nimeona watu wazima wakilia kwa furaha kwa kupewa nazi kavu, na nimewaelewa. Mwaka 1949 Louis Armstrong, aliyezaliwa katika umaskini wa mji huu, alirudi akawa Mfalme wa Zulu.

Kuna pia Wahindi wa Mardi Gras, wanaume na wanawake weusi ambao tangu karne ya 19 huvaa mavazi ya manyoya na shanga kwa heshima ya wenyeji wa asili waliowahifadhi watumwa waliotoroka. Vazi hushonwa kwa mkono mwaka mzima, ushanga mmoja baada ya mwingine, na mwaka unaofuata linashonwa jipya. Rangi huchagua mwenyewe mshonaji na huficha siri yake mpaka asubuhi ya siku yenyewe. Bwana wao mkubwa alikuwa Allison Montana, aliyejulikana kwa jina la Tootie, fundi wa kuandaa kuta za lipu, ambaye alishona mavazi yake kwa zaidi ya miaka 50. Tarehe 27 Juni 2005 alisimama mbele ya baraza la mji kulalamikia namna polisi walivyowatendea watu wake, akaanguka akiwa anazungumza, akafariki. Fundi yeyote anayeshika sindano katika mji huu anafanya kazi chini ya jina lake.

Mteja wangu mmoja, bibi wa mtaa wa Treme, huja kila msimu kurekebisha koti la kikundi chake cha kutembea. Siku moja nilimuuliza, "Bibi, ulipokuwa mtoto ulikwenda kumtazama Rex?" Akanijibu bila kuinua macho kwenye vifungo, "Mwanangu, Rex alikuwa wa St. Charles. Sisi tulikuwa na Claiborne." St. Charles ndiyo barabara anayopita Rex. Barabara ya Claiborne ilikuwa na safu za mialoni ambako familia nyeusi zilikusanyika siku ya Mardi Gras, zikapika na kuwasubiri Zulu na Wahindi. Mwaka 1966 mialoni ilikatwa ili ijengwe barabara kuu ya juu. Watu bado hukusanyika hapohapo, sasa chini ya zege, na baadhi ya nguzo wamezichora miti.

Miaka hiyo yote rangi tatu zilikuwa zinasambaa bila kuomba ruhusa ya mfalme. Husimuliwa kwamba mwaka 1893, kabla ya mechi ya kwanza ya kandanda ya Kimarekani ya chuo cha LSU dhidi ya Tulane, kocha na wachezaji walikwenda duka moja la Baton Rouge kutafuta tepe. Duka lilikuwa linajiandaa na Mardi Gras: zambarau na dhahabu zimefika, kijani bado. Wakachukua zilizokuwepo, na mpaka leo chuo kina rangi hizo mbili. Miaka ya 1920 Rex ilianza kurusha shanga za kioo kutoka Chekoslovakia. Mwaka 1960 ikaja sarafu ya bati jepesi la alumini, iliyobuniwa na H. Alvin Sharpe. Waokaji nao walizimwaga rangi hizo kwa sukari juu ya keki ya wafalme, yenye kidoli kimefichwa ndani, na anayekipata ndiye anayenunua keki inayofuata. Kwa watoto wengi wa hapa somo la kwanza la rangi hizi huja kwa ulimi.

Kusambaa huko kuna gharama yake. Shanga za kioo zilipisha plastiki, na mwaka 2018 mji ulitangaza kwamba katika kusafisha mifereji umetoa ratili 93,000 za shanga kwenye sehemu ya mitaa mitano tu ya St. Charles. Katika mji ambao sehemu yake kubwa iko chini ya usawa wa bahari, uliofurikwa na kimbunga Katrina mwaka 2005, mfereji ulioziba ni hatari kwa maisha. Ninafurahi kila ninapoona vikundi vikirudi kwenye vitu vilivyotengenezwa kwa mkono, vya kutunzwa nyumbani.

Deni la haki lilidaiwa waziwazi Desemba 1991. Diwani Dorothy Mae Taylor, ambaye mwaka 1971 alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika bunge la Louisiana, alipeleka pendekezo kwamba chama chochote kinachotumia barabara na polisi wa umma kisibague watu katika uanachama wake. Baraza likapitisha. Wapo waliomtukana kwamba anaiua Mardi Gras. Comus na Momus, vyama vya karne ya 19, vilichagua kuacha maandamano kuliko kufungua milango, na havijarudi barabarani. Proteus kilijitoa pia, kikarejea mwaka 2000. Rex kiliendelea. Mardi Gras haikufa, bali ilikua.

Mwaka 2021 ugonjwa wa korona ulizuia maandamano yote. Safari hii hakuna mfalme aliyetoa amri, lakini wakazi waligeuza nyumba zao kuwa magari ya Kanivali: vibaraza vilivikwa vitambaa, maua makubwa ya karatasi yakapigiliwa ukutani, madirisha yakafungwa riboni. Nyumba kwa maelfu ziliingia kwenye mchezo huo, nyumba kubwa za St. Charles na vibanda vyembamba vya mitaa ya nyuma. Wasanii waliopoteza kazi ya magari walilipwa kupamba nyumba. Nilishona matamvua mpaka vidole vikaota sugu, na kazi hiyo ilinilisha mimi na wenzangu katika mwezi ambao tungekaa bure. Waasisi wa 1872 waliomba roshani zipambwe. Mwaka 2021 walipambiwa mji mzima, na waliopamba walifanya hivyo kwa sababu rangi zilikuwa zao.

Tarehe 5 Januari 2022, siku moja kabla ya msimu wa Kanivali kufunguliwa, Gavana John Bel Edwards alitia sahihi msamaha wa Homer Plessy, karibu na mahali alipokamatwa takriban miaka 130 kabla. Kesho yake maduka yalikuwa yamejaa keki za zambarau, kijani na dhahabu kama kawaida.

Vijana wa shule wanapoleta oda ya sare za bendi na kuniuliza maana ya rangi, huwapa tafsiri ya 1892 kama wanavyoitarajia: haki, imani, nguvu. Kisha huwaambia habari za fundi viatu wa mwaka huohuo, na za diwani, na za fundi wa lipu aliyefia mbele ya baraza. Nataka wajue kwamba maana ya rangi haiamuliwi na aliyeitangaza kwanza. Huamuliwa na wanaoishi na tangazo hilo na kulidai litimizwe. Zambarau ya New Orleans ilistahili kuitwa haki pale watu wa kawaida walipoilipia, na kila anayeivaa leo anavaa kitu kilichonunuliwa na hao.